Shajara ya tangi la kioo: kutafuta samaki wanaopatana na maji magumu ya Tororo

11 Januari 2025

Mwaka jana nilipoteza samaki 12 wa aina ya neoni tetra katika muda wa siku tisa, na kwa kuwa sikuwa nimeandika chochote, sikuweza kujua kilichowaua. Nilikumbuka tu kwamba niliwanunua Kampala asubuhi, nikasafiri nao kwa basi hadi hapa Tororo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, nikawatia katika tangi jipya jioni ile ile, na kulipokucha wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya changarawe. Safari hii nimeamua kuandika kila hatua, kila kipimo na kila kosa, tena sitanunua samaki hata mmoja kabla sijayajua maji yangu.

Tangi lenyewe lipo tayari. Lina urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kimo cha 45, kwa hiyo linachukua takriban lita 216 likijazwa hadi ukingoni. Seremala amenitengenezea meza ya mbao za mkalitusi yenye miguu sita, maana maji peke yake yatazidi kilo 200. Maji ya nyumbani kwetu hutoka katika kisima kirefu kilichochimbwa nyuma ya nyumba. Pampu huyapandisha hadi kwenye pipa kubwa juu ya mnara, kisha hushuka kwa bomba mpaka jikoni. Hayatiwi klorini, na hilo ni jambo moja la kushukuru.

18 Januari

Leo nimepima. Jirani yangu, bibi aliyekulia katika nyumba za reli hapa mjini na ambaye huja kuchota maji kwetu, alinikuta barazani nimepanga vichupa, akauliza ninatafuta nini ndani ya maji. Nilipomweleza alitikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, ungeniuliza mimi. Maji haya yanakula sabuni." Amesema kweli kabisa, na ninaona kwamba kipimo chake ni cha zamani na cha kuaminika kuliko vichupa vyangu: mahali ambapo kipande cha sabuni huisha upesi bila kutoa povu, na birika hujengeka ukoko mweupe ndani, maji ni magumu.

Chanzo chake hakijifichi. Tororo imekaa juu ya mawe yenye chokaa, na ndiyo maana tangu zamani kiwanda cha saruji kilijengwa hapa. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huchukua hewa ya kabonidioksidi iliyomo kwenye udongo na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo hulimung'unya jiwe la chokaa polepole, na maji yanayofika chini ya kisima huwa yamebeba kalsiamu, magnesiamu na bikaboneti. Kalsiamu na magnesiamu ndizo zinazoishika sabuni na kuigeuza utando. Bikaboneti ndiyo inayoyafanya maji yawe na alkali na yakatae kubadilika.

Ili kupima ugumu wote nilitia mililita 5 za maji katika kichupa, nikadondosha dawa tone moja moja huku nikitikisa. Tone la kwanza liliyageuza maji kuwa mekundu. Nilihesabu hadi 10, yakabaki mekundu. Hadi 15, bado. Kwenye tone la 18 wekundu ulianza kuchafuka kama chai iliyochujwa vibaya, na tone la 19 likaleta kijani safi. Kila tone ni digrii moja ya Kijerumani, na digrii moja ni sawa na miligramu 17.8 za kaboneti ya kalsiamu katika lita, kwa hiyo maji yangu yana takriban miligramu 338. Kipimo cha bikaboneti kiligeuka kutoka buluu kuwa njano kwenye tone la 15. Haya ni maji magumu sana, na kiwango chake cha alkali ni kikubwa.

Kipimo cha pH, yaani cha uasidi au ualkali wa maji ambapo 7 ndiyo katikati, kilinishangaza, kwani maji yaliyotoka bombani moja kwa moja yalisoma 7.2, karibu kabisa na katikati hiyo. Ningeishia hapo ningejidanganya. Nimeyaacha mengine ndani ya ndoo yenye jiwe la hewa, nitayapima tena kesho.

19 Januari

Maji ya ndoo leo yanasoma 8.3. Sijaongeza kitu chochote. Kilichotokea ni kwamba maji ya kisimani huja na kabonidioksidi nyingi iliyobanwa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo inayoishusha pH; yanapopulizwa hewa usiku kucha, kabonidioksidi inatoka na pH inapanda hadi mahali ambapo bikaboneti inataka iwe. Kipimo cha maji ya tangi ni hiki cha pili. Yeyote anayetumia maji ya kisima na kuchagua samaki kwa kutazama kipimo cha bombani atakuwa amechagua kwa ajili ya maji ambayo samaki wake hawataishi ndani yake hata siku mbili.

26 Januari

Nimerudi kwenye habari ya wale neoni, kwa sababu siwezi kuchagua samaki wapya bila kuelewa waliotangulia walikufa vipi. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba waliuawa na ugumu wa maji. Sasa naamini ugumu ulichangia, lakini haukufanya kazi peke yake.

Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji anamoishi. Maji humwingia bila kukoma kupitia matamvua, naye huyatoa kwa mkojo mwingi, huku matamvua yakifanya kazi ya kukamata chumvi chache zilizomo majini na kuzirudisha mwilini. Neoni wa asili wanatoka katika vijito vya bonde la Amazoni, ambako maji yana madini machache mno na pH iko chini ya 7, kwa hiyo mwili wao umepangwa kwa umaskini huo. Kuwahamisha ghafla kutoka maji ya Kampala, ambayo hutoka Ziwa Viktoria na yana madini kidogo, hadi maji ya digrii 19, ni kuulazimisha mwili upange upya kazi yake yote kwa dakika chache.

Jambo la pili ni amonia, na hili ndilo ambalo muuzaji hakunionya na mimi sikuuliza. Ndani ya mfuko wa safari samaki hupumua na kujisaidia. Kabonidioksidi inajaa na kuishusha pH, huku amonia ikiongezeka. pH ikiwa chini, sehemu kubwa kabisa ya amonia hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halina madhara makubwa. Mimi nilifika nyumbani, nikaufungua mfuko, nikaanza kumimina kikombe baada ya kikombe cha maji yangu yenye alkali, nikidhani nawazoesha taratibu. Kumbe nilikuwa naipandisha pH ya maji yaliyojaa uchafu wao. Kwa nyuzi joto 25, pH ikiwa 7.2, amonia yenye sumu ni takriban asilimia 0.9 ya yote; pH ikifika 8.3 ni takriban asilimia 10. Uchafu ule ule ukawa sumu mara kumi na zaidi mbele ya macho yangu, na baada ya hapo nikawatia katika tangi ambalo halikuwa na bakteria wa kusafisha chochote.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu yanaamua mambo mawili ya mradi huu. Kwanza, katika maji kama yangu tangi lisiloiva, yaani ambalo bado halina bakteria hao, ni hatari kuliko tangi la mtu mwenye maji laini. Pili, hata samaki anayependa maji magumu anaweza kufa njiani kati ya mfuko na tangi.

2 Februari

Kabla ya kukubali maji yalivyo, nilitaka nijaribu kuyabadilisha, ili baadaye nisije nikasema sikujaribu.

Jaribio la kwanza lilikuwa dawa ya kushusha pH, ndani ya ndoo ya lita 20 isiyo na samaki. Nilitia kipimo kilichoandikwa, pH ikashuka hadi 6.8. Kesho yake asubuhi ilikuwa 7.9. Nikatia tena, ikashuka, ikapanda tena. Asidi inapokutana na bikaboneti huigeuza kuwa kabonidioksidi, hewa hiyo inatoka, na bikaboneti iliyobaki inairudisha pH juu. Samaki aliye ndani angepandishwa na kushushwa kila siku, jambo baya kuliko pH ya juu iliyotulia. Dawa hiyo nimeiweka kabatini na sitaigusa tena.

Jaribio la pili lilikuwa la kuchanganya na maji ya mvua. Nina pipa la lita 200 chini ya paa la mabati, na mvua za mwisho za mwaka jana zililijaza. Maji yake yanageuka kijani kwa tone la kwanza, kwa hiyo ugumu haufiki hata digrii moja, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu ulitoa digrii 9 au 10 kama hesabu inavyotaka. Ni njia safi, haina dawa. Tatizo lake ni kalenda. Kila wiki natarajia kubadilisha lita 50, nusu yake iwe mvua, yaani lita 25. Pipa sasa limebaki nusu, na kiangazi hiki hakina dalili ya mvua kabla ya Machi. Siku ambayo pipa litakauka, samaki waliozoea digrii 10 watapelekwa kwenye 19. Siwezi kuwafunga samaki kwenye wingu.

Kwa hiyo uamuzi umefanyika: tangi litajazwa maji ya bomba kama yanavyotoka, na samaki ndio watakaotafutwa wa kuyafaa.

9 Februari

Nimetumia wiki nzima kuwapitia wanaowezekana.

Wanaondolewa mara moja ni neoni, kadinali, disko na sikilidi (jamii ya samaki ambayo hata ngege ni wa kwao) wadogo wa mito ya Amerika ya Kusini. Ni kweli kwamba wengi wa wauzwao leo wamezalishwa na wafugaji kwa vizazi vingi na huvumilia maji ambayo babu zao wasingeyavumilia, na muuzaji atakuambia hivyo kwa nia njema. Lakini mayai yao hayastawi vizuri katika maji magumu, nami sitaki tangi la samaki wanaovumilia.

Kundi la kwanza linalofaa ni la samaki wanaozaa watoto hai: gapi, moli, plati na mkia-upanga. Asili ya plati, mkia-upanga na moli wengi ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako mito mingi hupita juu ya chokaa kama hapa kwetu. Gapi asili yake ni kaskazini mwa Amerika ya Kusini na visiwa vya karibu kama Trinidad. Moli hasa ndiye anayenivutia, kwa sababu tatizo lake ni kinyume cha la neoni: ukimweka katika maji laini kwa muda mrefu huanza kutetemeka mahali pamoja, mwili ukiyumba kana kwamba anaogelea na haendi. Wanapatikana kwa urahisi na hawana gharama kubwa. Kasoro yao ni uzazi usiokwisha.

Kundi la pili ni mbuna wa Ziwa Malawi, samaki wa miambani wenye rangi za buluu na manjano kama vitenge vipya. Ziwa lao lina pH ya takriban 7.8 hadi 8.6, na katika maji yangu wangekaa bila shida. Ni wagomvi, hata hivyo. Hutakiwa kuwekwa wengi ili ugomvi usimwangukie mmoja, na tangi lote liwe mawe. Nimewaacha kwa heshima.

Nilitamani sana kuchagua samaki wa kwetu. Nkejje, ambao sisi tumezoea kuwaona wamekaushwa sokoni, ni sikilidi jamaa wa hao mbuna, na madume wao walio hai majini wana wekundu na buluu ambao mtu aliyewaona kwenye ungo tu hawezi kuusadiki. Mmoja wao, Pundamilia nyererei wa upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, alipewa jina la Mwalimu Julius Nyerere na wanasayansi waliomweleza mwaka 1985. Ziwa lilipandikizwa sangara miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za nkejje zilikuwa zimetoweka. Inaniuma kwamba watu wa Ulaya wanawatunza katika matangi yao, na sisi tuliokaa kandokando ya ziwa hatujui hata majina yao. Kilichonizuia si maji, ingawa ya Ziwa Viktoria ni laini kuliko yangu na wao huvumilia pande zote mbili. Kilichonizuia ni kwamba majike wa aina tofauti hufanana mno, na wakiwekwa pamoja huzaana. Nisipopata jozi ambazo asili yake inajulikana kwa uhakika, nitakuwa naongeza machotara badala ya kuhifadhi chochote. Nimeliacha jambo hili wazi, sijalifuta.

Ngege naye angeyapenda maji haya, kwani amezoea maziwa kama Albert na Edward ambayo yana alkali kubwa, lakini huyo ni kitoweo, na tangi langu lingemtosha kwa miezi michache tu.

Waliobaki ni wa Ziwa Tanganyika, na hapa ndipo moyo wangu umetua. Ziwa lile lina kina cha takriban mita 1,470, na pH yake iko karibu na 9. Bikaboneti yake inakaribiana kabisa na ya kisima changu. Ugumu wake wote ni mdogo kuliko wangu, na sehemu kubwa ni magnesiamu kuliko kalsiamu, kwa hiyo sisemi kwamba nina Tanganyika bombani. Nasema tu kwamba nimekaribia bila kutia gramu moja ya kitu. Kati ya samaki wake nimemchagua Neolamprologus multifasciatus, sikilidi mdogo kuliko karibu wote, ambaye dume lake halizidi sana sentimita 4 au 5, na ambaye huishi maisha yake yote ndani na kandokando ya magamba matupu ya konokono. Familia nzima hukaa kijiji kimoja, watoto wakubwa wakivumiliwa karibu na wadogo zao.

Mpango ni huu: moli na plati wachache watangulie, kwa kuwa ni wa bei nafuu na wataishi maji ya juu, wa magamba wafuate tangi likishatulia, na watakula sehemu ya vitoto vya moli vitakavyozaliwa. Sipendi kulisema hilo, lakini nalipanga kwa makusudi.

16 Februari hadi 23 Machi

Kuivisha tangi. Mchanga mwembamba wa mtoni umeoshwa maji 14 hadi ndoo ikaonekana chini. Niliudondoshea siki kidogo nione kama utatoa mapovu, ukatoa machache, dalili ya chokaa; mwenye maji laini angeutupa, mimi nimeutumia. Chujio la sifongo limewashwa, na kila siku nimetia kibano cha chakula cha samaki kioze na kutoa amonia, ili bakteria wanaoila wapate cha kuanzia. Amonia ilipanda wiki ya pili, nitriti, ambayo bakteria huitoa wakila amonia, ikapanda wiki ya tatu, na kufikia tarehe 23 Machi zote mbili zimesoma sifuri kwa siku tano mfululizo huku nitrati, zao la mwisho la kazi yao lenye sumu kidogo, ikiwa 20. Bakteria hawa hutumia bikaboneti katika kazi yao na hupenda pH ya juu, kwa hiyo hapa kisima kimenisaidia.

29 Machi

Nimekwenda Kampala. Safari hii nilimwomba muuzaji asiwalishe samaki wangu siku moja kabla, na nikamuuliza maji yake ni ya wapi. Alisema ni ya bomba la mjini, na kipimo changu kilionyesha digrii 3. Nimechukua moli 4 na plati 6.

Nyumbani nilikuwa nimeacha beseni kubwa la maji safi yaliyochanganywa, mvua kwa wingi na kisima kidogo, hadi digrii 4, yenye joto sawa na chumba. Nilipofika sikumimina kikombe hata kimoja ndani ya mfuko. Niliufungua, nikawatoa samaki kwa wavu mmoja mmoja, nikawatia beseni moja kwa moja, na maji ya mfuko nikayamwaga kwenye migomba. Walikimbilia pembeni wakajikunyata, na baada ya saa moja plati mwekundu alianza kuchokoa ukuta wa beseni akitafuta chakula.

5 Aprili

Kwa siku sita nimekuwa nikitoa lita 5 kutoka beseni asubuhi na jioni na kurudisha lita 5 za maji ya tangi. Ugumu umepanda 4, 6, 9, 12, 14, 16. Leo nimewahamisha. Hakuna aliyekufa. Nitaandika tena sentensi hiyo kwa sababu mwaka jana sikuweza kuiandika: hakuna aliyekufa.

19 Aprili

Rafiki amejitolea kuniletea majani ya majini kutoka ufukweni mwa ziwa, bure. Nimemshukuru na kukataa. Majani ya ziwani huja na konokono, na baadhi ya konokono wa huko ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Mkono unaoingia tangini kila wiki kusafisha kioo ni wangu na wa binti yangu. Nimenunua vallisneria kutoka tangi la mfugaji, nikayakagua majani mbele na nyuma na kuyasuuza. Ni mmea unaoyapenda maji haya, kwa kuwa unaweza kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti yenyewe pale kabonidioksidi inapokosekana. Ndani ya wiki mbili umetoa chipukizi tatu.

17 Mei

Nimegundua kosa langu. Kimita cha madini, ambacho kilisoma 410 mwezi Machi, leo kimesoma 530, ingawa maji ya bombani hayajabadilika. Sababu ni uvukizi. Kila siku tangi linapungua karibu nusu sentimita, nami nimekuwa nikijazia kwa maji ya bomba. Maji huondoka kama mvuke na madini hubaki, kisha naleta madini mengine juu yake. Ndiyo maana pia mstari mweupe umejengeka kwenye kioo pale maji yanapoishia.

Kuanzia leo, kilichopotea kwa uvukizi nitakijaza kwa maji ya mvua, na maji ya bomba yatatumika tu ninapotoa lita 50 za kila wiki. Mvua za masika zimelijaza pipa, na lita 2 kwa siku ni kiasi ambacho hata kiangazi kinaweza kukimudu. Pipa lile ambalo lilishindwa kulisha tangi zima limepata kazi linayoiweza. Mstari mweupe nimeusugua kwa ndimu, tangi likiwa limepunguzwa maji ili tone lisiingie ndani.

14 Juni

Wamefika. Mfugaji mmoja wa Jinja amenipa multifasciatus 8. Maji ya Jinja ni laini, na nilipofika kwake nilimkuta akipima kwa mizani ndogo magadi ya kuokea na chumvi ya magnesiamu, anavyofanya kila anapobadilisha maji, ili ayafanye yafanane na ya Tanganyika. Nilimwambia bomba langu linatoa maji ya digrii 15 za bikaboneti bila kuguswa. Aliinua macho kutoka kwenye mizani, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, ndugu yangu, wewe ndiye uliyepaswa kuwa nao tangu zamani."

Kwa kuwa maji yake yalisoma pH 8.4, beseni la siku sita halikuhitajika. Nimewatoa mfukoni kwa wavu kama wale wa kwanza na kuwahamishia kwenye ndoo ya maji ya tangi kwa saa moja, kisha ndani. Magamba 24 yalikuwa yanawangoja. Ni ya konokono wa nchi kavu niliowaokota shambani wakiwa wamekwisha kukauka, yenye mdomo wa upana wa sentimita 2 hivi, nikayachemsha dakika 20 na kuyasugua. Katika maji laini gamba la namna hii huliwa polepole na maji, humu litadumu.

28 Juni

Nimekaa mbele ya kioo karibu saa nzima jioni hii. Jike mmoja amechagua gamba la kona ya kushoto. Anachota mchanga kwa mdomo, mashavu yakivimba, anaogelea urefu wa kidole, anautema, anarudi. Alifanya hivyo mara 31 nikihesabu, mpaka gamba likadidimia na kubaki mdomo tu juu ya mchanga. Kisha aliingia kinyumenyume, nikabaki naona jicho moja la buluu. Plati aliposogea karibu, samaki huyo asiyefika urefu wa kidole changu cha shahada alichomoka na kumfukuza hadi katikati ya tangi.

Vipimo: pH 8.4, ugumu 19, bikaboneti 15, amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati 25, joto nyuzi 25, kimita 440.

19 Julai

Umeme ulikatika kwa muda wa saa 11. Pampu ndogo ya betri iliendesha jiwe la hewa, na sikulisha hadi kesho yake jioni ili uchafu usiongezeke wakati chujio limelala. Nilipopima amonia ilikuwa sifuri. Moli mmoja amekufa tarehe 12. Alikuwa mzee, mgongo umepinda, na sina sababu ya kuyashuku maji.

9 Agosti

Asubuhi nilipowasha taa niliona kitu kama vumbi juu ya mdomo wa lile gamba la kona ya kushoto, nikadhani ni mabaki ya chakula. Vumbi likarudi ndani. Nikamwita binti yangu aliye na macho makali kuliko yangu, alipiga magoti, akaweka paji la uso karibu na kioo, akahesabu kwa kunong'ona, "Baba, ni saba. La, wanane." Wana urefu wa milimita 6 au 7, uwazi kama maji ya wali, na macho yao ni makubwa kuliko vichwa. Mama yao alikuwa pembeni ya gamba, na dume mkubwa alipita juu yao bila kuwagusa.

Jirani yangu wa nyumba za reli alikuja kuchota maji, tukamwonyesha. Aliwatazama muda mrefu, ndoo ikiwa bado mkononi, kisha akauliza kama hawa wanaishi ndani ya maji yale yale anayopeleka kwake. Nikamjibu kwamba ni yale yale, kutoka bomba lile lile.

Kwa wiki zinazokuja: chakula cha unga laini mara tatu kwa siku, kubadilisha lita 25 mara mbili kwa wiki badala ya lita 50 mara moja, na kufunika mdomo wa chujio kwa sifongo laini zaidi.